Mchekeshaji Akishika Bastola, Basi Zima Linacheka Nini?

Mabasi yanayotoka Mbeya, Songea na Iringa kwenda Dar hufika Mikumi abiria wakiwa hoi. Wameshashuka Kitonga roho mkononi, wameshanunua vitunguu Ruaha Mbuyuni, na waliokaa upande wa jua wameshaiva. Pale Mikumi watu wanashuka kuchimba dawa, wananunua mayai ya kuchemsha, mahindi na soda, wanarudi kwenye siti zao, na konda anawasha ile skrini ya mbele. Bongo Muvi inaanza. Usiku, mvua, gari jeusi, muziki wa kutisha. Mlango wa gari unafunguka, anashuka mtu na bastola mkononi. Kamera inasogea usoni.

Basi zima linaangua kicheko.

Jamaa hajasema neno. Hajajikwaa, hajavaa suruali iliyopanda mpaka kifuani, hajalegeza mdomo. Amesimama tu kwenye mvua. Lakini ni yule mchekeshaji ambaye kila mtu humo ndani amemwona kwenye simu yake akikimbizwa na mke mwenye mwiko, na abiria wa siti ya nyuma tayari ameshapaza sauti: "Konda, ongeza sauti bwana, huyu babu leo kaja na chuma!" Yule anayepaswa kufa kwenye filamu anakufa huku watu wanafuta machozi ya kucheka.

Baada ya hapo hukumu hutoka haraka. Vijiweni, saluni, kwenye magrupu ya WhatsApp: jamaa kaharibu, angebaki kwenye komedi yake, mambo ya majambazi na wapelelezi awaachie wenyewe. Mwigizaji, ambaye pengine alikesha siku tatu akijifunza kukaa kimya mbele ya kamera, anarudi kwenye mwiko na mke mkali. Prodyuza naye anaapa hatarudia.

Hukumu hiyo ni ya uonevu. Hakuna aliyemhukumu kwa alichofanya ndani ya filamu. Alihukumiwa kwa kile watu walichokuwa wanakijua kabla hajashuka kwenye gari. Mwanafunzi akifelishwa mtihani ambao hajaandika hata jina lake, wazazi wangeandamana mpaka kwa afisa elimu. Mchekeshaji anafelishwa hivyo kila siku na watu wanaona sawa tu.

Na ajabu ni kwamba wenyeji wa hapohapo Mikumi walishawahi kufanya jambo ambalo abiria wale linawashinda.

Mwaka 2001 Profesa Jay, jina lake halisi Joseph Haule, alitoa albamu ya Machozi, Jasho na Damu. Ndani yake ulikuwemo wimbo wa Ndio Mzee, ambao waliokuwa na redio miaka ile hawawezi kuusahau. Humo ndani Jay haimbi kama Jay. Anaigiza mgombea mwenye maneno matamu anayewaahidi wananchi mambo yasiyowezekana, na umati unamwitikia kwa utii. Ni uigizaji kamili, ni komedi kamili, na nchi nzima ilicheka. Sasa subiri. Mwaka 2015, miaka 14 baadaye, mtu yuleyule alisimama kuomba ubunge wa Mikumi kwa tiketi ya CHADEMA. Jimbo hilo limo ndani ya wilaya ya Kilosa. Yaani aliyeigiza mgombea muongo akaenda kwa wapiga kura kama mgombea wa kweli, kwa sauti ileile iliyowavunja mbavu. Kama kuna mtu aliyestahili kuchekwa jukwaani, ni yeye.

Wakampa ubunge. Akakaa bungeni miaka mitano, mpaka 2020, na kwa miaka hiyo alisikilizwa na kulaumiwa kama wabunge wengine wanavyosikilizwa na kulaumiwa. Watu wa Mikumi waliweza kutenganisha sauti ya wimbo na mtu mwenye sauti. Hawakuhitaji semina. Walimwona ana kwa ana, wakamsikiliza mpaka mwisho, ndipo wakaamua.

Masanja Mkandamizaji naye, yule wa Orijino Komedi, leo ni mchungaji. Kuna watu wanaokaa mbele yake Jumapili na kusema amina, na ni watu walewale waliokuwa wakijikunja kwa kicheko mbele ya televisheni. Kwa hiyo Mtanzania anaweza kumpa mchekeshaji kura yake na hata roho yake aiombee. Ila akimpa bastola ya plastiki kwenye filamu, hapo ndo anagoma.

Wenzetu wa nje walishapitia shida hiihii, na walioivuka hawakuivuka kwa bahati. Bryan Cranston kwa miaka sita, 2000 mpaka 2006, alikuwa baba wa kituko kwenye Malcolm in the Middle, mtu mzima wa kukimbiakimbia na chupi. Vince Gilligan alipotaka kumpa nafasi ya Walter White kwenye Breaking Bad, wakubwa wa kituo cha AMC walishtuka. Huyu? Yule baba wa Malcolm apike madawa ya kulevya na kuua watu? Gilligan hakubishana nao kwa maneno. Aliwawekea sehemu moja ya The X-Files ya mwaka 1998, aliyoiandika yeye mwenyewe, ambamo Cranston alicheza mtu mwenye chuki na maumivu makali, mtu ambaye hupendi kukaa naye kwenye gari hata dakika moja lakini mwisho unajikuta unamwonea huruma. Wakubwa wakanyamaza. Breaking Bad ilianza 2008, na Cranston akaondoka na tuzo nne za Emmy za mwigizaji bora wa kiume kwa uhusika huo mmoja.

Somo lililomo hapo wengi hulipita. Gilligan alimchagua kwa sababu alishamwona akifanya jambo jingine. Nani Bongo anawatazama wachekeshaji wetu kwa macho ya namna hiyo? Prodyuza wa kwetu akimtazama mchekeshaji anaona idadi ya wafuasi.

Jamie Foxx naye alianzia kwenye vichekesho vya televisheni, akivaa gauni na wigi na kujifanya Wanda, mwanamke mwenye sura ya kutisha na tamaa ya wanaume. Mwaka 2004 Michael Mann alimweka nyuma ya usukani kwenye Collateral: dereva teksi wa Los Angeles anayepata abiria mstaarabu mwenye suti, kumbe ni muuaji wa kukodiwa mwenye orodha ya watu wa kumaliza usiku huo. Tom Cruise ndiye muuaji. Foxx kwa sehemu kubwa ya filamu hafanyi chochote zaidi ya kuendesha na kuogopa. Bodaboda yeyote aliyewahi kubeba abiria asiyemwelewa, usiku, njia ya mashambani, anaijua hofu ile bila kuambiwa. Kwenye Oscar za 2005 Foxx alitajwa kwa filamu hiyo, na usiku huohuo akachukua tuzo ya mwigizaji bora kwa filamu nyingine, Ray.

Halafu Robin Williams. Kati ya filamu alizotoa mwaka 2002 ilikuwemo moja ya muuaji, Insomnia, na nyingine ya fundi wa kusafisha picha anayeifuatilia familia ya watu, One Hour Photo. Humo hakubadilisha tabasamu lake. Ni lile lile lililowafurahisha watoto miaka yote. Na ndilo linalotisha.

Hapo ndipo penye siri ya jambo lenyewe. Watu wanadhani mchekeshaji akipewa filamu ya uhalifu anapewa kazi ya ugenini. Ukweli ni kwamba yuko nyumbani kuliko mwigizaji wa mapenzi anayejua kulia na kufuta kamasi. Kuchekesha na kutisha vyote vinategemea muda. Neno likitoka mapema nusu sekunde, kichekesho kimekufa, na kisu kikionekana mapema nusu sekunde, hofu imekufa. Mchekeshaji anajua kuisikiliza hadhira, anajua wakati wanaposubiri na wakati wanapochoka kusubiri. Miaka kumi kwenye majukwaa ya kumbi za mikoani, mbele ya watu waliolewa na spika inayokwaruza, ni shule ambayo huipati popote.

Lakini kuna sababu nyingine kubwa zaidi, nayo inatokana na wahalifu wenyewe. Jambazi wa Bongo Muvi anajulikana tangu getini: miwani myeusi, kovu, sauti nzito, sigara. Jambazi wa kweli angekuwa hivyo polisi wangekuwa wanalala saa mbili. Hesabu ya tembo ya mwaka 2013 katika eneo zima la Selous na Mikumi ilikuta wanyama 13,084 tu, wakati miaka minne nyuma walihesabiwa zaidi ya 38,000. Maelfu ya tembo hawakumalizwa na watu wenye makovu na miwani. Februari 2019 Mahakama ya Kisutu ilimhukumu Yang Fenglan, aliyeitwa na magazeti malkia wa pembe za ndovu, kifungo cha miaka 15. Alikuwa mama wa makamo aliyekuja nchini miaka ya 1970 kama mkalimani kwenye mambo ya reli ya TAZARA, anaongea Kiswahili, ana mgahawa wake Dar, anapokea wageni vizuri. Ukimpa prodyuza wa kwetu habari hiyo aitengenezee filamu, nafasi ya mkuu wa mtandao anampa kijana mwenye kifua na cheni.

Mhalifu anayefanikiwa ni yule ambaye watu wanamfungulia mlango. Na katika nchi hii, nani anafunguliwa mlango haraka kuliko anayechekesha?

Hebu ipige picha filamu ambayo haijatengenezwa. Iwekwe Mikumi yenyewe, pale njia panda, barabara kuu ikiendelea Iringa, nyingine ikikatiza kwenda Kilosa, nyingine ikishuka Kidatu na Ifakara. Malori ya Zambia na Congo yanalala hapo. Gesti zimejaa, nyama choma inafuka moshi, na stendi kuna mpiga debe mmoja ambaye kila mtu anampenda. Anawatania wamama wanaouza mahindi, anaigiza sauti za madereva wa kila kabila, anajua jina la kila konda. Madereva wa malori wakimwona tu wanaanza kucheka, wanamnunulia supu, na katika kucheka wanamwambia mambo: umebeba nini, unaondoka saa ngapi, utalala wapi, nani yuko na wewe. Yeye anacheka nao, anakumbuka kila kitu, na usiku anapiga simu.

Mzigo unaanza kupungua njiani. Dereva mmoja anakutwa amekufa porini, karibu na ile reli ya zamani inayotoka Kilosa kupita Mikumi mpaka Kidatu, kule ambako mizigo huhamishwa kutoka behewa za reli ya kati kwenda za TAZARA. Anakuja mpelelezi kutoka Morogoro. Mtu wa kwanza anayempokea stendi, anayembebea begi, anayemwonyesha gesti ya bei nafuu na kumchekesha mpaka anasahau uchovu, ni nani? Ni huyohuyo.

Nafasi hiyo haiwezi kuchezwa na mtu asiyechekesha kweli. Mwigizaji wa kawaida ataigiza mcheshi, na mtazamaji atajua mapema kwamba kuna kitu. Mchekeshaji atawachekesha abiria kweli, kwa nusu saa nzima, wamzoee kama wanavyomzoea kwenye simu zao, halafu wamwone anapiga ile simu. Wakati huo kicheko cha basi zima kinageuka kuwa ushahidi dhidi ya waliocheka. Walikuwa upande wa nani muda wote huo?

Komedi ya Bongo, ukiitazama kwa utulivu, imejaa wahalifu tayari. Vibaka wanaokosea nyumba. Matapeli wa kujifanya mabosi. Mateja. Kitale alipata umaarufu mkubwa kwa kuigiza teja, mpaka akaitwa Rais wa Mateja, na kazi ile aliifanya kwa jicho kali: ile kujikuna, ile sauti ya kuburuta, kulala amesimama bila kuanguka. Mtu anayeweza kuiga hivyo amewatazama mateja kwa muda na kwa makini. Hakuna aliyewahi kumwambia asimame hapohapo, sura ileile, mwili uleule, ila safari hii kamera ifuate mpaka kwa mama yake anayeficha redio na sufuria kila mwanae akija nyumbani. Mama wa namna hiyo yupo Kilosa, yupo Tanga, yupo kila mahali. Ametazama vichekesho vya mateja pamoja na majirani na amecheka nao, kwa sababu asingecheka wangemuuliza kulikoni.

Joti naye ameshakuwa bibi, mtoto wa shule, mganga, mlevi, bosi. Mtu mmoja anabeba kijiji kizima. Nchi nyingine mtu wa kipaji hicho angeshagombaniwa na waongozaji wa kila aina. Hapa anagombaniwa na makampuni ya matangazo, ambayo angalau yanalipa.

Na kulipa ndiko kunakoleta mambo mazito. Mwaka 2018 King Majuto, Amri Athumani kutoka Tanga, aliugua muda mrefu akafariki mwezi Agosti. Nchi nzima ilikuwa inaijua sura yake, iliyokuwa kwenye majalada ya CD na matangazo ya biashara kila kona. Lakini ugonjwa ulipomkamata, kilichozungumzwa zaidi ni mikataba: alilipwa nini, alisaini nini, nani alifaidika. Waziri wa wakati ule, Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kuipitia mikataba ya wasanii. Ilikuwa hatua nzuri, ingawa ilikuja mzee yuko kitandani.

Majuto anaingia kwenye habari hii kwa sababu maisha yake ya sanaa yanaonyesha bei ya sura moja. Mchekeshaji anayeruhusiwa kuchekesha tu anategemea kitu kinachozeeka haraka. Mitindo ya kucheka inabadilika. Kijana anakuja na simu na taa ya duara, anapata wafuasi laki tano ndani ya miezi mitatu, na mkongwe anaambiwa kapitwa na wakati. Uhusika mzito unazeeka polepole zaidi, na mwingine unanoga kwa uzee. Mzee wa miaka sitini na tano mwenye uso uliochekesha taifa, akicheza mwenye nyumba wa gesti anayejua kila kitu na hasemi, angehitaji mistari kumi tu kumaliza filamu nzima. Majuto angeweza, na yeyote aliyemtazama akinyamaza kabla ya kutoa neno anajua hivyo. Uso ulikuwa unafanya kazi mbili kwa mpigo, moja ya kuchekesha na nyingine ambayo hakuna aliyeiomba.

Basi lawama ziende zinakostahili. Abiria wa Mikumi wana kasehemu kao, lakini wamefundishwa kucheka. Anayewafundisha wa kwanza ni prodyuza. Anatengeneza filamu ya mauaji, halafu kwenye jalada anamweka mchekeshaji akiwa ametoa macho na mdomo wazi, kwa sababu picha hiyo ndiyo inayouza. Trela anaikata vipande vya kuchekesha. Katikati ya filamu anachomeka tukio la jambazi kuteleza kwenye ganda la ndizi "ili watu wasichoke". Watu wakicheka sehemu isiyotakiwa, anashangaa.

Mwongozaji naye anamwacha mtu na zana zake zote za zamani: sauti ileile ya puani, mwendo uleule, nguo zilezile za kubana au za kupwaya. Zana hizo ziondolewe. Dakika kumi za kwanza asiongee kabisa. Avae kama watu wanavyovaa. Aonekane akifanya kitu cha kawaida kwa ufundi, kama kufunga mzigo kwa kamba au kuhesabu noti za jasho, mpaka macho ya mtazamaji yachoke kusubiri kichekesho na yaanze kumtazama mtu. Sheria nyingine za kuongoza hazina haja hapa, hiyo moja ingetosha kuokoa filamu nyingi.

Kuna pia mazoea ya kibanda umiza, na hapa mambo yanakuwa magumu kweli. Kilosa mjini, Kimamba, hata vijiji vya ndani, watu wengi walizijua filamu za uhalifu kupitia kwa akina Lufufu, watafsiri wanaoongea juu ya picha. Mmarekani anapigwa risasi, sauti inasema kwa Kiswahili cha mtaani kwamba leo kapatikana, alizoea kula vya watu. Benchi zima linacheka. Ni sanaa, na wanaoidharau hawajawahi kukaa kwenye benchi lile. Lakini miaka ishirini ya kucheka mtu akipigwa risasi inajenga sikio la aina yake. Steringi hafi, adui ni wa kuchekwa, na risasi ni alama ya kwamba mtafsiri atasema kitu kitamu. Mchekeshaji wa Bongo anapoingia na bastola yake anakuta hadhira tayari inasikiliza sauti ambayo haipo.

Wakenya walilitumia jambo hilo vizuri. Nairobi Half Life ya David "Tosh" Gitonga, ya mwaka 2012, inaanza na kijana wa kijijini anayeuza filamu za mapigano kwa kuziigiza mbele ya wateja, kwa mikono, miguu na milio ya bunduki ya mdomo. Anachekesha sana. Anakwenda Nairobi kutafuta uigizaji, anaangukia kwenye genge, na milio ya bunduki inakuwa ya kweli. Mtazamaji aliyeanza kwa kumcheka hana pa kukimbilia, kwa sababu ameshampenda. Filamu ilijua watu wataingia wakicheka, ikawaacha wacheke kwanza.

Sasa, haki itendeke kwa upande wa pili pia. Wapo wachekeshaji ambao kweli hawawezi. Kuchekesha kwa sekunde hamsini kwenye simu, huku rafiki yako akikata na kuunganisha, hakukufundishi kubeba uso mmoja kwa dakika tisini. Wengine wakipewa uhusika mzito wanadhani uzito ni kununa, wanakunja ndita mwanzo mpaka mwisho kama mtu aliyemeza ndimu. Wengine wanaogopa kimya, wanachomeka neno la mtaani kila sekunde kumi, na hapo abiria wa siti ya nyuma ana haki yake yote. Na kuna kilio cha vijana waliosomea TaSUBa kule Bagamoyo, au sanaa za maonyesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanaoona nafasi walizojiandaa nazo kwa miaka zinapewa mtu kwa sababu ya wafuasi. Kilio hicho ni halali. Mchekeshaji afanyiwe usaili kama wengine, asome muswada kama wengine, akishindwa aende. Kinachodaiwa ni mlango usifungwe kwa sababu ya sura, wala usifunguliwe kwa sababu ya sura.

Maana kwa sasa vyote viwili vinafanyika kwa mtu mmoja siku moja. Sura inampa kazi, halafu sura inamnyima kuaminiwa kwenye kazi hiyohiyo.

Turudi kwenye basi. Likishatoka Mikumi mjini linaingia hifadhini, na hapo filamu yoyote ina shughuli. Tembo wakionekana kushoto, siti za kulia zote zinahamia kushoto, simu juu, na hata steringi akichomwa kisu hakuna wa kumwona. Wanyama wakiisha watu wanarudi kukaa. Kwenye skrini yule jamaa wa bastola yuko jikoni kwake peke yake, anaosha mikono. Anaosha muda mrefu. Maji yanatiririka, hasemi kitu, uso ni uleule.

Yule wa siti ya nyuma anaanza kucheka, anageuka kutafuta wa kucheka naye, hampati. Anajifanya anakohoa.

Basi linapita Doma. Mama mmoja mwenye mtoto mapajani anamwuliza jirani yake kwa sauti ya chini, "Kwani kamuua kweli?" Jirani anasema hajui, walikuwa wanatazama tembo. Wanakaa kimya wakitazama mbele. Msamvu konda anazima skrini ili abiria wa Morogoro washuke, filamu ikiwa bado haijaisha, na mama yule anamwuliza konda inaitwaje.